Pesa za Duka la Kikundi Zilikwenda Wapi? Daftari, Tili na Mashine ya Mauzo pale Feri

Aliyewahi kufanya biashara pale Feri, upande wa kisiwani, anajua kwamba wateja huja kwa mawimbi. Jioni watu wanateremka kwenda Likoni, kila mmoja ana haraka, na jicho lake liko kwenye lango. Kwa dakika kumi duka linajaa: huyu anataka unga, yule robo ya mafuta, mwingine ananyoosha noti ya elfu moja kwa sabuni ya sh. 30. Mara lango linafunguliwa, watu wanakimbia, na duka linabaki kimya kama kisima. Kivuko cha Likoni hukadiriwa kuvusha zaidi ya watu 300,000 kwa siku, na anayekwenda kwa miguu halipi. Soko lipo. Shida ni zile dakika kumi.

Kikundi kimoja cha kina mama kina duka lake njiani pale, wanachama 14, Wakristo na Waislamu pamoja. Walitujia ofisini wakiwa wamekasirika kwelikweli. Walikuwa wamepiga hesabu ya wiki 12: mali waliyonunua, kwa bei ya kuuzia, wakatoa mali iliyobaki rafuni, wakalinganisha na pesa zilizopatikana. Zilikosekana sh. 31,400. Mwuzaji wao ni mmoja wa wanachama, mjane, na kikao cha kumfukuza kilikuwa kimeshapangwa. Yeye mwenyewe alisema neno moja tu: "Mamaangu, mimi hata ndururu sikula."

Mwenyekiti alikuwa na dawa yake tayari. Wauze mbuzi wa kikundi, wanunue "ile mashine ya supamaketi", mambo yaishe. Tukawaomba watupe wiki mbili kabla ya kuuza mbuzi na kabla ya kumfukuza mtu.

Mashine hiyo ni kitu gani?

Wanaoiuza huiita POS. Sisi tutasema mfumo wa mauzo. Ni kitu kinachoandika kila kilichouzwa pale pale kinapouzwa: nini, kiasi gani, bei gani, nani ameuza, na amelipwa vipi. Kazi yake ni hiyo. Inaweza kuwa kompyuta yenye droo ya pesa na printa, inaweza kuwa programu ndani ya simu, na ikibidi inaweza kuwa daftari lenye mistari iliyopigwa vizuri.

Asili yake inachekesha kidogo. Mwaka 1879 Bwana mmoja wa Marekani, James Ritty, mwenye baa katika mji wa Dayton, alichoka kuona mauzo ni mengi na pesa ni chache. Inasimuliwa kwamba akiwa safarini melini aliona chombo kinachohesabu mizunguko ya rafadha, akajiuliza mbona pesa zisihesabiwe vivyo hivyo. Akarudi na kutengeneza mashine yeye na ndugu yake. Mashine zilizofuata ziliwekwa droo na kengele: droo ikifunguka, kengele inalia, na mwenye duka aliyeko nyuma anajua. Kwa hiyo wazo lilitoka melini, na watu wa Feri wasilione geni.

Vile vistari vyeusi kwenye pakiti vilikuja baadaye. Bidhaa ya kwanza kusomwa na mashine dukani kwa vistari hivyo ilikuwa pakiti ya ubani wa kutafuna, tarehe 26 Juni 1974, mjini Troy, Ohio. Leo ukiona nambari chini ya vistari inaanza na 616, ujue imetolewa hapa Kenya. Lakini korosho zako ulizofunga mwenyewe hazina vistari, na mafuta ya kupima hayana. Kwa duka la kikundi, programu yenye vibonye vya picha (picha ya sukari, picha ya unga) ni ya haraka kuliko kununua chombo cha kusomea vistari ambacho hakitasoma nusu ya mali yenu.

Tulivyofanya kwa zile wiki mbili

Hatukununua kitu. Tuliketi na kina mama, tukachukua karatasi nne.

Ya kwanza ilikuwa ya mafuta. Mtungi wa lita 20 waliununua kwa sh. 5,200. Lita 20 ni vipimo 80 vya robo lita, na kipimo kimoja huuzwa sh. 80, kwa hiyo mtungi ungeleta sh. 6,400. Hivyo ndivyo hesabu yao ilivyosema. Tukafungua mtungi mpya mbele ya wote, mwuzaji akapima kama anavyopima siku zote, na mwanachama mmoja akahesabu kwa sauti. Kufika sabini watu wakaanza kutazamana. Mtungi uliishia kwenye kipimo cha 74. Sita zilikuwa zimekwenda kwa mkono mwema unaojaza mpaka juu, kwa yanayomwagika, na kwa yanayoganda ndani ya mtungi. Vipimo 74 ni sh. 5,920. Pengo ni sh. 480 kwa kila mtungi, na wao huuza mitungi miwili kwa wiki. Kwa wiki 12 ni sh. 11,520. Mwenyekiti alinyamaza muda mrefu.

Karatasi ya pili ilikuwa ya mikopo. Tuliwaomba wanachama wenyewe, kila mmoja kwa siri, aandike alichochukua dukani akisema "nitalipa Jumamosi". Jumla ikafika sh. 9,200. Waliochukua ni wale wale waliotaka mwuzaji afukuzwe. Hili tunalisema kwa upole, lakini tunalisema.

Ya tatu ilikuwa ya simu. Siku ambazo tili haikufanya kazi, wateja walituma pesa kwenye namba za wanachama waliokuwepo, kisha watu wakasahau. Walipofungua taarifa za simu zao tulikuta sh. 6,300. Tili yenyewe ilikuwa imekata ada ya sh. 880 ambayo hakuna aliyeiandika.

Ukijumlisha yote hayo ni sh. 27,900. Zilibaki sh. 3,500 ambazo hatukuzijua wala hatukutaka kuzibahatisha. Kikao cha kumfukuza kilikuwa bado hakijafanyika, na hakikufanyika.

Sasa fikirini: kama wangekuwa wamenunua mashine na kuingiza kwamba mtungi mmoja ni vipimo 80, mashine ingewaambia kila wiki, kwa herufi safi, kwamba mwuzaji ni mwizi. Mashine haijui mkono unavyopima. Inajua mlichoiambia.

Basi tuanze wapi?

Anzeni na orodha ya mali. Andikeni kila kitu mnachouza, bei ya kununulia, bei ya kuuzia, na namna kinavyogawanywa. Hapa ndipo vikundi vingi huanguka. Gunia linaingia kama gunia na kutoka kama vipakiti. Katoni inaingia kama katoni na kutoka kama kipande cha sabuni. Programu nzuri inakubali uiambie "mtungi 1 = vipimo 76". Tulisema 76 kwa sababu kina mama walinunua kikombe chenye alama, wakajifunza kuishia kwenye mstari, wakapima mitungi mitatu na kupata 76 au 77. Bei ya kipimo wakaipangia hesabu hiyo, si ya 80.

Kisha hesabuni mali yote iliyopo siku ya kuanza. Wahesabu wawe wawili, na mwuzaji asiwe mmoja wao, ila awepo aone. Rudieni kila mwisho wa mwezi. Vitu vinavyotoka haraka, kama mafuta na sukari, kila wiki. Bila kuhesabu mali, mfumo wa mauzo ni saa nzuri isiyotiwa majira.

Kwa mwezi wa kwanza tumieni daftari tu. Safu ya kitu, kiasi, pesa taslimu, simu, deni. Mkishindwa kujaza daftari kwa mwezi mmoja, simu haitawasaidia. Tunakijua kikundi kimoja, si cha Feri, kilichouziwa kompyuta, droo na printa kwa pesa za harambee. Siku hizi imefunikwa kitambaa cha kufuma na juu yake pana chombo cha maua.

Nambari ya tili

M-Pesa ilianza mwaka 2007, na huduma ya kulipia dukani, Lipa na M-Pesa, ikaja mwaka 2013. Kwa duka, tili ina faida tatu: mteja halipi ada, pesa za duka hazichanganyiki na za mtu, na kila malipo yanabaki kwenye taarifa. Kwa utaratibu unaotumika tunapoandika, malipo ya sh. 200 kushuka chini hayakatwi kitu. Yakizidi hapo mwenye tili hukatwa asilimia 0.55, na makato hayapiti sh. 200 kwa malipo mamoja. Yaani mteja akilipa sh. 1,000 mnakatwa sh. 5.50. Si nyingi, lakini iandikwe kama gharama ya duka. Bei hizi hubadilishwa, kwa hiyo ulizeni kabla ya kuomba.

Tili iwe ya kikundi. Msikubali "tutumie ya dada kwa sasa". Leo dada ni mwema, kesho anaolewa Malindi, au anafariki, Mungu amweke, na pesa zenu zinakuwa za mirathi. Vikundi husajiliwa katika ofisi ya maendeleo ya jamii chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022. Mkiwa na cheti, kumbukumbu za kikao kilichoamua na akaunti ya benki ya kikundi, ombeni tili ambayo pesa zake zinaingia benki. Ile Pochi la Biashara ni nzuri kwa mama mwenye meza yake ya mihogo, kwa kuwa inatenga pesa za kazi na za nyumbani, lakini imefungwa kwenye laini ya mtu mmoja. Kwa kikundi haifai.

Pale Feri kuna hatari mbili za tili ambazo kila mwuzaji azijue. Ya kwanza ni ujumbe bandia. Mteja anakuonyesha simu yake, "nimetuma mama, ona", na wewe umezungukwa na watu wanane. Usitazame simu yake. Tazama simu ya duka. Kina mama wetu wameifunga simu ya duka kwa kamba kwenye msumari, isitoke, na sauti yake imefunguliwa yote. Ikilia ndipo mali inatoka. Ya pili ni karatasi ya nambari kubandikwa nyingine juu yake usiku. Kila asubuhi mwuzaji aisome ile nambari kwa sauti akilinganisha na iliyoandikwa ndani ya daftari. Inachukua muda mfupi kuliko kufungua kufuli.

Kuchagua programu ya simu

Duka dogo halihitaji kompyuta. Simu moja ya skrini kubwa kiasi, ya duka na si ya mtu, inatosha. Anayewauzia programu mwulizeni maswali haya kabla ya kumpa hata senti. Mtandao ukipotea, inaendelea kuuza na kupeleka taarifa baadaye? Simu ikianguka baharini (imetokea, kwenye daraja la kupandia feri), taarifa zetu ziko wapi? Malipo ni ya mara moja au ya kila mwezi, na tukishindwa mwezi mmoja, mnatufungia hesabu zetu? Ina Kiswahili? Nani atatufundisha, na atarudi mara ngapi? Akianza kuzungukazunguka kwenye swali la pili, mpeni chai aende.

Jambo kubwa kuliko yote ni nambari za siri. Kila mwuzaji awe na yake. Mkishirikiana nambari moja, mmenunua mashine ya kuandika bila jina. Na mwuzaji asiwe na uwezo wa kufuta mauzo yaliyokwisha kuandikwa. Makosa hutokea, ametaka kuandika 100 ameandika 1,000, lakini kufuta kufanywe na mtu wa pili kwa nambari yake, na sababu iandikwe. Baadhi ya wanachama huona hili kama dharau. Tuliwaambia kwamba linamlinda mwuzaji. Yule mjane ndiye aliyekuwa wa kwanza kudai nambari yake mwenyewe.

Deni nalo liwe na kibonye chake. Mwanachama akichukua unga bila pesa, uandikwe umeuzwa kwa deni, kwa jina lake, papo hapo. Kikundi chetu kiliamua kikomo ni sh. 500 kwa mwanachama na orodha isomwe kila kikao. Madeni yalipungua bila mtu kugombezwa.

Printa ya risiti si lazima mwanzoni. Zile karatasi zake hazitumii wino. Huandikwa kwa joto, na kwa joto letu la pwani maandishi hufifia upesi, hasa risiti ikikaa juani. Msizitegemee kama kumbukumbu ya mwaka. Isitoshe hewa ya bahari pale ina chumvi, inakula vyuma. Kama mnayo printa, ifunikeni usiku na isikae karibu na dirisha linaloelekea majini.

Kufunga siku

Hapa ndipo mfumo unapolipa gharama yake. Jioni, wimbi la mwisho likishapita, mwuzaji na mtu wa pili hufunga mlango nusu na kuhesabu. Tuchukue mfano. Asubuhi waliweka sh. 1,000 za chenji. Mfumo unasema mauzo ya taslimu ni sh. 6,240. Walilipa mkokoteni sh. 300. Droo iwe na sh. 6,940. Wamehesabu wakapata sh. 6,900. Zimepungua 40.

Waandike "zimepungua 40", watie sahihi, walale. Kosa tunaloliona mara nyingi ni mwuzaji kutoa 40 mfukoni mwake ili hesabu ikae sawa. Anafanya kwa wema au kwa hofu, lakini anaficha njia. Upungufu mdogo wa leo ukionekana kila Ijumaa, mtagundua kwamba Ijumaa watu ni wengi na chenji inatolewa vibaya, basi mtaongeza mtu wa pili siku hiyo. Zikizidi nazo ziandikwe zimezidi. Upande wa simu, linganisheni jumla ya mfumo na taarifa ya tili yenyewe, si kwa kumbukumbu.

Mambo ya kodi

Msiogope, lakini msijifiche. Tangu mwaka 2023 KRA ina mfumo wa ankara unaoitwa eTIMS, na kuanzia tarehe 1 Januari 2024 mfanyabiashara hawezi kuhesabu gharama katika kodi yake kama haina ankara ya mfumo huo, isipokuwa gharama chache zilizoachwa na sheria. Maana yake kwenu ni hii: hoteli ya Diani inayotaka kununua korosho zenu itauliza ankara hiyo, na bila hiyo itakwenda kwa mwingine. Kwa mfanyabiashara mdogo asiyesajiliwa kwa VAT ankara inaweza kutolewa hata kwa simu ya kabambe, kwa kupiga *222#. Marekebisho ya sheria ya mwishoni mwa 2024 yalimruhusu mnunuzi amtolee ankara muuzaji mdogo ambaye mauzo yake hayafiki sh. milioni 5 kwa mwaka, kwa hiyo mzungumzeni naye.

Iko pia kodi ya mauzo ya asilimia 3, kwa biashara yenye mauzo kati ya sh. milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Duka la sh. 4,000 kwa siku, siku 300, limefika sh. 1,200,000. Kodi yake ingekuwa sh. 36,000, na inahesabiwa juu ya mauzo, si juu ya faida. Asiye na kumbukumbu hajui hata kama amefika kwenye milioni moja. Nendeni ofisi ya KRA na cheti chenu muulize kama kikundi chenu kimo. Ni afadhali kuuliza mapema kuliko kuitwa.

Kuhusu wale kina mama, mbuzi hawakuuzwa wote. Waliuza mmoja, wakanunua simu ya duka na kikombe cha kupimia. Programu waliyochagua ni ndogo, na daftari bado wanalijaza pembeni kwa sababu mweka hazina haiamini simu, nasi hatukumkataza. Mtungi mpya ukifunguliwa wawili husimama, mmoja anapima na mmoja anahesabu, na wateja wanaosubiri feri wameanza kuhesabu nao. Zile sh. 3,500 zimeandikwa ukurasa wa kwanza wa daftari jipya, "hazijulikani", na sahihi 14 chini yake.